SAFARI YA KUTAZAMA WANYAMA KATIKA AFRIKA YA KUSINI

Neno "safari" ni neno letu. Twalitumia kwa mtu aendaye mnadani siku moja, na kwa mtu aendaye Makka, na hata kwa karani ahamishwaye kazi pamoja na masanduku yake. Lakini Wazungu walipolichukua neno hilo na kulitia katika lugha zao, walilipa maana moja tu: kwenda porini kuwinda wanyama wa mwitu, au kuwatazama. Walilipata huku kwetu, zamani za misafara ya wapagazi iliyotoka Bagamoyo na Mombasa. Na Bwana Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipokuja kuwinda Afrika ya Mashariki mwaka wa 1909, habari zake zilisaidia sana kulieneza. Leo neno letu limefika mpaka nchi ambazo wenyeji wake hawasemi Kiswahili kamwe. Nasi tutalifuata mpaka kusini, katika nchi iliyo kati ya mto Limpopo na mto Crocodile, tupate kujua jinsi mahali penye wanyama palivyofanywa kuwa mahali pa kutazamwa, na ni nani waliolipa gharama ya jambo hilo.

Nchi hiyo ni bonde kubwa la joto, lenye miiba na mibuyu, na mito iteremkayo kutoka milima ya magharibi kwenda baharini. Upande wa mashariki yamesimama majabali ya Lebombo, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Mbuga ya Taifa ya Kruger imelala humo, urefu wake kutoka kusini hata kaskazini wapata kilomita 350, na eneo lake lakaribia kilomita za mraba 20,000. Asiyeweza kuziwaza hesabu hizo na awaze hivi: mtu mwenye miguu mizuri, akienda kilomita thelathini kila siku, atachukua siku kumi na mbili kufika mwisho wake, ikiwa simba watamruhusu.

Wasomaji wengi hudhani ya kuwa nchi hiyo ilikuwa pori tupu tangu Mungu alipoiumba. Sivyo. Karibu na Phalaborwa, juu ya kilima cha Masorini, zimeonekana tanuri za watu waliofua chuma na kukiuza kwa jirani zao. Kaskazini kabisa, juu ya mto Luvuvhu, pana magofu ya mji uitwao Thulamela, uliojengwa kwa mawe yaliyopangwa pasipo chokaa, ambao watu wake walistawi kati ya karne ya 15 na karne ya 17. Wataalamu walipochimba huko katika miaka ya 1990 walikuta makaburi ya wakuu waliozikwa pamoja na mapambo ya dhahabu, na tena walikuta shanga za kioo na vipande vya vyombo vya Kichina. Vitu hivyo vilitoka wapi? Vilitoka pwani, kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, biashara ile ile iliyotajirisha Kilwa na Sofala. Kwa hiyo mtu wa pwani yetu asidhani kwamba habari za Limpopo hazimhusu. Babu zetu hawakuiona nchi hiyo kwa macho, lakini bidhaa zilizopita mikononi mwa watu wa pwani zilifika huko, na pembe za ndovu zikarudi.

Katika karne ya 19 walikuja wawindaji wenye bunduki. Makaburu waliokaa juu penye baridi walishuka bondeni kila kipupwe, wakati mbu na mbung'o wamepungua, wakaua wanyama kwa ajili ya ngozi, nyama na pembe. Mwaka wa 1873 dhahabu ilipatikana Pilgrim's Rest, na wachimbaji wakafurika. Nao walitaka chakula, na magari yao ya ng'ombe yalipita bondeni yakielekea bandari ya Delagoa Bay. Wenyeji nao waliwinda kama walivyozoea, ila serikali ya Makaburu iliwakataza kwa sheria, na tangu hapo kitendo kile kile kilikuwa na majina mawili: Mzungu akiua swala aliitwa mwindaji, na Mwafrika akiua swala aliitwa jangili. Jambo hili tulikumbuke, maana litarudi tena na tena katika habari hizi.

Kisha mwaka wa 1896 ikaja sotoka. Sisi wa Afrika ya Mashariki twaijua. Ilipita kwetu mwanzo wa miaka ile ya 1890, ikawaacha Wamasai na fimbo mikononi pasipo ng'ombe wa kuchunga. Ilishuka kusini mwaka baada ya mwaka mpaka ikavuka mto Zambezi, kisha Limpopo. Ng'ombe wakafa, nyati wakafa, tandala na pofu wakafa, na tai wakashiba hata hawakuweza kuruka. Katika bonde lile hata mbung'o walitoweka, kwa kuwa wanyama waliowapa damu walikuwa wamekwisha. Ndovu walikuwa wameuawa karibu wote kwa bunduki, na faru weupe wakaisha kabisa. Mtu aliyepita bondeni mwaka wa 1897 akitafuta wanyama angeweza kutembea siku nyingi asione ila mifupa.

Hapo ndipo walipotokea watu waliosema: Tusipozuia uwindaji, watoto wetu watawaona wanyama katika vitabu tu. Mwaka wa 1898 Rais Paul Kruger wa Jamhuri ya Transvaal alitia sahihi tangazo la kuifanya nchi iliyo kati ya mito Sabie na Crocodile kuwa mahali palipokatazwa kuwinda. Kwa sababu ya tangazo hilo mbuga ilikuja kuitwa kwa jina lake, na watu wengi wakamhesabu kuwa rafiki mkubwa wa wanyama. Sisi twaona sifa hiyo imezidi kipimo. Kruger alikuwa mwindaji tangu utoto. Katika ujana wake bunduki ilimpasukia akiwinda faru, akapoteza kidole gumba cha mkono wa kushoto. Waliosukuma jambo la hifadhi walikuwa wajumbe wa baraza lake na watu wengine, naye alitia sahihi. Walakini sahihi ya mkuu ni kitu, na tangazo lisilotiwa sahihi haliokoi hata sungura.

Mwaka uliofuata vita viliwaka kati ya Makaburu na Waingereza, na hifadhi ikasahauliwa. Askari wa pande zote mbili walikula nyama walizopata. Vita vilipokwisha, mwaka wa 1902, serikali mpya ya Waingereza ikamtafuta mtu wa kuisimamia. Wakampata James Stevenson-Hamilton, Mskoti, afisa wa jeshi la farasi, mtu mfupi wa kimo, mwenye hasira ya haraka na saburi ya muda mrefu. Tabia mbili ambazo ni nadra kukaa katika mtu mmoja. Alishuka bondeni na gari la ng'ombe, akafanya makao yake Sabi Bridge, katika ngome ndogo iliyoachwa na askari. Alidhani atakaa miaka miwili. Alikaa mpaka mwaka wa 1946.

Kazi yake ya kwanza haikuwa kulinda wanyama. Ilikuwa kuwaondoa watu. Ndani ya hifadhi ile walikaa wenyeji, wengi wao Watsonga na Waswazi, wenye mashamba ya mtama na mahindi, na makaburi ya wazee wao. Kwa mawazo ya wakati ule, watu na wanyama hawakuweza kukaa pamoja. Basi mpaka mwaka wa 1903 watu wapatao 2,000 au 3,000 walikuwa wamehamishwa. Wenyeji wakampa bwana yule jina la Skukuza, maana yake afagiaye, mtu apitaye mahali na kupaacha peupe. Wengine hueleza kwamba maana yake ni yule apinduaye mambo yote juu chini. Mwaka wa 1936 kambi ya Sabi Bridge ilipewa jina hilo, na hata leo ndiyo kambi kuu ya mbuga. Wageni maelfu hulala Skukuza kila mwaka, wakinunua picha na vinyago, na wengi wao hudhani ya kuwa ni jina la heshima tupu. Lakini mwenye kujua lugha ya wenyeji husikia ufagio ndani yake.

Tusimhukumu mtu yule kwa upande mmoja. Hifadhi ilipopanuliwa kaskazini, ambako watu walikuwa wengi zaidi, aliwaacha wengi wakae, ijapokuwa walitozwa kodi ya ardhi waliyozaliwa juu yake. Tena aliwashtaki wawindaji wa Kizungu, wakubwa wa serikali wakiwamo, bila kuogopa vyeo vyao, jambo lililowashangaza watu waliodhani sheria za uwindaji ziliandikwa kwa ajili ya Waafrika tu. Mwanzoni yeye na wasaidizi wake waliwaua simba wengi, zaidi ya 1,000 katika muda wa miaka ishirini na mitano, wakidhani kwamba simba wakipungua swala wataongezeka. Baada ya kuishi miaka mingi porini aligeuza mawazo yake: akaona kwamba simba ni sehemu ya pori kama mvua ilivyo. Wakubwa waliotaka wanyama wala nyama wamalizwe walipata kwake mpinzani mkali.

Msaidizi wake mmoja alikuwa Harry Wolhuter, na kisa chake lazima tukisimulie, kwa kuwa wanafunzi hawatatusamehe tukikiruka. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1903 Wolhuter alikuwa akirudi kutoka upande wa mto Olifants, amepanda farasi, na jua lilikuwa limekuchwa. Askari wake Waafrika walikuwa nyuma na wanyama wa mizigo. Pamoja naye palikuwa na mbwa wake tu, jina lake Bull. Ghafula simba akamrukia farasi matakoni. Farasi akaruka, Wolhuter akaanguka, na simba wa pili akamkamata bega la kulia na kumburuta, uso wake ukigandamizwa katika manyoya ya simba. Mkono wa kulia haukuweza kufanya kitu. Akakumbuka kisu kilichokuwa katika mshipi wake nyuma ya nyonga. Akakitafuta polepole kwa mkono wa kushoto, akikishika sana kisimwanguke. Simba aliposimama, Wolhuter akapapasa mahali moyo unapopiga, akachoma mara mbili, kisha akamchoma kooni. Simba akamwacha, akaenda gizani, akafa.

Mambo hayakuisha hapo. Simba wa kwanza, aliyekuwa amemfukuza farasi pamoja na mbwa nyuma yake, alirudi. Wolhuter alikuwa amekwisha panda mti kwa mkono mmoja na kujifunga kwenye tawi, ili akizimia asianguke. Bull alimsumbua yule simba kwa kubweka na kumzunguka, mpaka askari walipofika na kumteremsha bwana wao. Kisha watu hao wakamchukua kwa machela, siku baada ya siku, jeraha likinuka na homa ikimpanda, hata wakafika kwenye reli, akapelekwa hospitali ya Barberton. Alipona, akaendelea na kazi zaidi ya miaka arobaini. Kisu kile na ngozi ya simba vimewekwa Skukuza, na kila mgeni huvitazama.

Nasi twauliza: jina la mbwa limehifadhiwa, jina la bwana limehifadhiwa, kisu kimewekwa katika kabati la kioo, je, hao waliobeba machela, hadithi iwapo inasimuliwa kwa wageni, hutajwa kwa majina? Aghalabu husemwa "askari wake" basi. Hao ndio waliotembea kwa miguu usiku na mchana wakifuata nyayo za wawindaji wa siri, wakalala katika vibanda vya miti mbali na jamaa zao, na baadhi yao waliuawa na simba, na mamba, na majangili. Pasipo wao Stevenson-Hamilton asingaliweza kulinda hata bonde moja.

Basi wanyama walianza kurudi. Ndovu, ambao katika mwaka wa 1905 walidhaniwa kuwa kumi tu katika nchi nzima ile, walivuka kutoka Msumbiji wakazaana. Swala pala wakajaa. Lakini hatari nyingine ilitokea: wenye mifugo walitaka malisho, makampuni yalikuwa na mashamba yao ndani ya hifadhi, na wengi waliuliza kwa nini nchi kubwa hivyo iachiwe fisi. Stevenson-Hamilton aliona kwamba wanyama hawatapona mpaka watu wa mijini wawapende, nao hawatawapenda mpaka wawaone. Mwaka wa 1923 idara ya reli ilianzisha matembezi ya gari la moshi ya siku tisa, kuzunguka Transvaal mpaka Lourenço Marques. Gari lilipita katika hifadhi na kulala Sabi Bridge. Wenye reli walidhani kwamba wageni watafurahishwa na mandhari ya milima. Lakini ilionekana kwamba usiku ule mmoja porini, penye moto mkubwa na ngurumo za simba kwa mbali, uliwapendeza kuliko yote. Asubuhi walitembezwa kidogo kwa miguu, pamoja na mlinzi mwenye bunduki. Tangu siku hizo watu wenye kura walianza kusema "wanyama wetu", na neno "wetu" lina nguvu katika Baraza la kutunga sheria.

Mwezi wa Mei 1926 sheria ya Mbuga za Taifa ilipitishwa. Waziri Piet Grobler, aliyeileta, alikuwa jamaa ya Rais Kruger, na jina la mzee lilitiwa katika mbuga ili Makaburu nao waipende. Mwaka wa 1927 milango ilifunguliwa kwa wenye motakaa, kwa ada ya pauni moja. Mwaka ule ziliingia motakaa tatu tu. Mwaka wa 1928 ziliingia 180. Mwaka wa 1929, 850. Hesabu hizo zaonyesha jinsi jambo lilivyoshika kasi.

Wageni wa kwanza hawakukuta starehe. Barabara zilikuwa njia za mchanga, na mito ilivukwa kwa pantoni. Walilala katika mahema yao, na baadaye katika vibanda vya duara vilivyoezekwa nyasi, ndani ya boma la miiba. Kwa sababu ya homa na mafuriko, sehemu kubwa ya mbuga ilifungwa wakati wa masika kwa miaka mingi. Na hata sasa miezi ya kipupwe, Juni mpaka Septemba, ndiyo mizuri kwa mtazamaji. Nyasi zimekauka na kulala chini, miti imepukutisha majani, na vidimbwi vingi vimekauka, hata wanyama hawana budi kuja mitoni na kwenye mabwawa. Mwenye saburi huegesha gari lake karibu na maji, huzima mashine, akangoja. Kwanza huja swala pala, wakinyosha shingo na kusita. Kisha punda milia pamoja na nyumbu, ambao hupenda kuandamana. Twiga huja mwisho, maana hana budi kutanua miguu yake ya mbele apate kunywa, na katika hali hiyo hawezi kukimbia. Basi hutazama huku na huku muda mrefu, akainama, akainuka tena, hata mtazamaji husikia kiu kwa niaba yake.

Jambo moja liliwashangaza watu wote tangu mwanzo: simba hawakuijali motakaa. Wengi walitabiri kwamba wageni wataliwa. Lakini simba huiona motakaa na watu waliomo kuwa kitu kimoja, kikubwa, chenye harufu ya mafuta, kisicho mawindo wala adui. Mtu akishuka na kusimama kwa miguu miwili, papo hapo mambo hubadilika: ama simba hukimbia, ama hukasirika. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mbuga ikawa mgeni asishuke garini ila mahali paliporuhusiwa, na awe kambini kabla ya jua kuchwa. Watu hufikiri ni sheria ya ukali. Kwa kweli ndiyo inayowawezesha kumwona simba amelala barabarani akiota jua, naye asiinue hata kichwa.

Lakini ni watu gani waliokaa ndani ya motakaa zile? Kwa miaka mingi mtu asiye Mzungu aliyetaka kuwatazama wanyama alikuwa na kambi moja tu ya kulala, Balule, ndogo, isiyo na umeme. Ilikuwa hivyo mpaka mwanzo wa miaka ya 1980. Katika kambi nyingine Mwafrika aliingia kama mpishi, au dobi, au askari wa lango. Wana wa watu waliokula na kulala na wanyama hao tangu kale waliwaona kupitia dirisha la jiko. Sisi tunaofundisha twafahamu mtoto hujifunza nini katika jambo la namna hiyo: hujifunza kwamba ndovu ni mali ya wengine.

Kwa upande wa wanyama wenyewe, kazi ilifaulu kupita matumaini, na kufaulu kukaleta taabu zake. Kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo uliotishia ng'ombe wa jirani, uzio ulijengwa upande wa magharibi katika miaka ya 1960, na nyumbu waliozoea kuhama kufuata majani wakakuta waya mbele yao. Wengi walikufa, na kundi lao halikurudi kuwa kama zamani. Ndovu nao waliongezeka hata wakuu wa mbuga wakahofu miti itaisha. Tangu mwaka wa 1967 mpaka 1994 waliuawa kwa amri maelfu kwa maelfu, zaidi ya 14,000 kwa jumla, wengi wao familia nzima kwa mara moja, ili asibaki wa kuomboleza. Watu wa ulimwengu walipolalamika sana kazi hiyo ilikomeshwa, na mwaka wa 2015 walihesabiwa ndovu wapatao 17,000. Hata leo wataalamu wabishana: wengine husema miti yaangamia, wengine husema pori hujitengeneza lenyewe. Sisi hatuna haraka ya kuchagua upande. Ila twaona kwamba mtu aliyezungushia pori waya hawezi tena kusema "pori na lijitegemee" bila kwanza kuutazama waya wake.

Faru mweupe alirudishwa kutoka Umfolozi, katika nchi ya Wazulu, mahali pekee alipokuwa amesalia kusini. Kuanzia mwaka wa 1961, wakati wa Bwana Ian Player na wenzake, faru walipigwa sindano za usingizi, wakapakiwa katika malori na kupelekwa Kruger. Wakazaana sana; mwaka wa 2010 walikuwa wapatao 10,000. Kisha pembe yake ikapata bei kubwa Asia. Katika mwaka wa 2014 peke yake faru 827 waliuawa ndani ya mbuga, na kufikia 2020 faru weupe waliobaki Kruger hawakufika 3,000. Wanaovuta kamba ya biashara hiyo hukaa mbali, katika nyumba nzuri; wanaoingia porini usiku na bunduki ni vijana wa vijiji vya Msumbiji na vya upande wa magharibi, na wengi wao hawakutoka. Waliotumwa hufa, na aliyewatuma hutafuta wengine. Sheria ni lazima, na bunduki ya askari ni lazima. Lakini kijiji kisichopata kutoka mbugani ila ndovu wa kula mahindi yake si rahisi kikatae fedha za jangili.

Limebaki jambo la Wamakuleke. Hao ni watu wa lugha ya Kitsonga waliokaa Pafuri, katika pembe ile ambapo mto Luvuvhu waingia Limpopo, na ambapo nchi tatu hukutana, Afrika ya Kusini, Msumbiji na Zimbabwe. Ni mahali penye rutuba, penye samaki, na misitu ya mikunga yenye magome ya manjano. Wakuu wa mbuga waliitamani pembe hiyo miaka mingi. Mwaka wa 1969 malori yalikuja. Watu waliamriwa watoe vyombo vyao, kisha waliamriwa wazitie moto nyumba zao kwa mikono yao wenyewe. Wakapelekwa Ntlaveni, kusini zaidi, nje ya mbuga, mahali pakavu, na nchi yao ikaunganishwa na Kruger. Wageni waliofika Pafuri baadaye walisifu jinsi palivyo kimya.

Baada ya utawala wa ubaguzi kwisha, sheria ya mwaka wa 1994 iliwapa watu waliopokonywa ardhi haki ya kuidai. Wamakuleke walidai. Mwaka wa 1998 walirudishiwa ardhi yao, hekta zipatazo 24,000. Watu wengi walingoja kuona nyumba na mashamba yakirudi na wanyama wakitoweka. Wamakuleke walifanya shauri, wakakubali wasirudi kukaa, ardhi iendelee kuwa sehemu ya mbuga, ila iwe mali yao, na isimamiwe na kamati ambayo wajumbe wake hutoka kwao na kwa wakuu wa mbuga. Hawakufanya hivyo kwa kuwapenda ndovu tu, walipiga hesabu. Waliona kwamba Ntlaveni walikuwa wamekwisha jenga shule na nyumba, na kwamba nyumba ya wageni Pafuri italeta fedha na kazi kuliko mtama, katika nchi ambayo mvua huchagua mwaka wa kunyesha. Makampuni ya wageni huwalipa kodi, na vijana wao wamefundishwa kazi ya kuongoza wageni.

Mzee aliyezaliwa Pafuri kabla ya 1969 huhitaji sasa kupita lango la mbuga ili afike kwenye makaburi ya wazazi wake, lakini hupita akiwa mwenye mali. Na mgeni afikaye huko kutazama ndovu wakinywa Luvuvhu wakati wa jioni, huenda ikawa kijana aketiye mbele katika gari, amwonyeshaye nyayo mchangani na kumtajia jina la kila mti, ni mjukuu wa mtu aliyeshika kijinga cha moto siku ile.